Ukienda shoo ya ska, funga kamba za viatu

Kiatu changu cha kulia kilinitoka kwenye wimbo wa tatu, katika ukumbi mdogo ulio juu ya baa moja hapa Coventry, Uingereza. Kilikuwa kiatu cha ngozi cha kuchomeka tu, cha Ijumaa, maana nilidhani naenda kwenye muziki wa kukaa na kutikisa kichwa. Nikabaki nimesimama kwa mguu mmoja katikati ya watu kama mia mbili wanaoruka, nimemshika bega mzee mmoja mwenye kipara nisiyemjua, huku nikiwaza nitapandaje basi na soksi. Wimbo ulipokwisha, mkono ukanyanyuka kule karibu na jukwaa, umeshika kiatu. Mkono mwingine ukakipokea, na mwingine tena, kikaja juu ya vichwa kama jeneza linavyopokezanwa njiani kwenda makaburini kwetu, mpaka kikanifika. Yule mzee akacheka, akaniuliza kama ni mara yangu ya kwanza. Ilikuwa inaonekana.

Huu ni mwaka wa tisa nakwenda shoo hizi za muziki wa ska, na kila nikimchukua mgeni huniuliza maswali yale yale. Nimeona niyaandike mara moja.

Tuanze na sikio. Wengi wakisikia ska husema, "Aa, hii si rege, ila wameikimbiza?" Wamempa mtoto umri wa mama. Ska ilizaliwa Kingston, Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 1950, ikapunguza mwendo ikawa roksteadi, ndipo ikaja rege. Hesabu kwa mdomo: moja na mbili na tatu na nne na. Gitaa na piano haziigusi ile moja wala ile mbili, zinagonga kwenye "na". Besi inatembea na yake huko chini. Ukipiga makofi kwenye moja utagombana na bendi usiku kucha, kwa hiyo kabla ya kununua tiketi kaa jikoni na hiyo "na" siku mbili tatu, hata kwa kugonga kijiko kwenye sufuria.

Halafu kuna matarumbeta. Mimi ni mtoto wa Unguja, nimekua nikiikimbilia beni ikipita mtaani siku ya harusi, kwa hiyo niliposikia saksafoni na tromboni zikiingia kwa pamoja sikuhitaji mkalimani. Kingston wapigaji wengi walitoka Alpha, shule ya masista wa Kikatoliki iliyolea watoto wa maskini na kuwafundisha kupuliza. Huko ndiko alikotoka Don Drummond wa tromboni, na wenzake kadhaa wa The Skatalites, bendi iliyoundwa 1964 na kuvunjika 1965, na hadi leo wanamuziki bado wanakula kwenye sahani yake.

Alpha ilimtoa pia Rico Rodriguez. Huyu alihamia Uingereza, na mwaka 1967 akapiga tromboni kwenye wimbo wa Dandy Livingstone kuhusu kijana mkorofi Rudy. Mwaka 1979 vijana wa Coventry, The Specials, waliurudia wimbo huo, na wakamtafuta Rico mwenyewe aje apige tromboni tena. Hilo ndilo linalonifanya niipende hadhira ya ska: haioni aibu kumwita mzee.

Mwaka huo huo Jerry Dammers wa The Specials alianzisha lebo ya kutoa rekodi, 2 Tone, yaani "rangi mbili". Ndiyo maana utaona miraba myeusi na myeupe kila mahali, kwenye kofia, soksi, hata mikanda ya gitaa. Haikuwa urembo tu. Weusi na weupe walipiga katika bendi moja wakati chama cha kibaguzi cha National Front kinaandamana mitaani. The Selecter, nao wa hapa hapa Coventry, walikuwa na Pauline Black mbele. Lakini nakuomba, usiende umejipamba miraba kutoka utosini hadi kidoleni. Waachie wastaafu, wao walikuwepo.

Na vipara? Ndugu yangu mmoja alifika mlangoni, akaona wanaume sita wenye vipara na mabuti, akataka kugeuza. Namwelewa. Vijana wa vipara wa Uingereza wa miaka ya 1960, wale wanaoitwa skinhead, walikuwa wapenzi wakubwa wa muziki wa Jamaika, kisha baadaye baadhi yao wakatekwa na wabaguzi, na jina likachafuka. Kwenye kumbi ninazokwenda mimi, kipara kimenishika bega nisianguke.

Sasa kucheza. Wenyewe wanaita kuskanki: unakimbia bila kwenda popote, goti juu, kiwiko cha upande wa pili kikija mbele. Wimbo mmoja tu utajua hali ya mapafu yako. Bendi zilizochanganya ska na panki, ile roki ya kasi na kelele, kama hizi za Marekani zilizovuma miaka ya 1990, Less Than Jake na Reel Big Fish, huwa na duara la kusukumana katikati. Ukiwa na goti bovu kaa pembeni, karibu na nguzo. Lakini mtu akianguka humo huinuliwa na mikono minne kabla hajagusa sakafu vizuri.

Nunua vizibo vya masikio kwenye duka la dawa. Tarumbeta likikuelekea usoni kwenye chumba chenye dari fupi, utalisikia hadi Jumatatu. Simu iache mfukoni. Mimi nilirekodi shoo nzima mara moja, nikapata saa nzima ya dari na kelele.

Fika mapema, uione bendi ya kwanza. Bendi ya ska ina watu saba, nane, wakati mwingine tisa, wamejibana kwenye gari moja na vyombo vyao. Igawe pesa ya mlangoni kwa tisa, toa mafuta, uone kinachobaki. Ndiyo maana mwisho wa shoo napita mezani kwao, hata kama ni beji tu nanunua. Fulana ninazo kumi na moja na mke wangu ameshazihesabu.

Usisahau shati la kubadilisha. Utatoka umelowa chepechepe kama uliyevuliwa baharini, na nje ni baridi ya kukata masikio. Yule mzee wangu wa kipara hubadilisha pale pale kituoni, Januari, kifua wazi, mvuke ukimtoka mabegani, huku abiria wa basi wamebandika nyuso kwenye vioo.