Taya la mwanangu limezidi nyuzi 4?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 15. Akifunga mdomo, meno ya chini yanapita mbele ya ya juu, na shuleni wanamtania. Hospitalini walimpiga eksirei ya kichwa kwa ubavu, wakachora mistari na kuandika: SNA 81, SNB 85, ANB -4. Wakasema tusubiri, atafanyiwa upasuaji akishakua. Kwa nini asifungwe waya sasa hivi?
Mama Salma, Tanga

JIBU: Marahaba, Mama Salma. Namba hizo ni nyuzi za pembe. Mstari wa kwanza huanzia katikati ya fuvu, kwenye kijishimo kinachobeba tezi iliyo chini ya ubongo, ukaishia mzizi wa pua. Kutoka hapo hushushwa miwili: mmoja hadi taya la juu, mwingine hadi la chini. Mwaka 1953 Mmarekani Cecil Steiner aliweka viwango: juu (SNA) 82, chini (SNB) 80, tofauti (ANB) 2. Kijana wako juu yuko sawa. Lililozidi ni la chini. Hapo daktari wa upasuaji anajua aanzie mfupa upi.

Lakini viwango hivyo vilitokana na nyuso za Wazungu. Wengi wetu taya zote mbili hutokeza kwa asili, kwa hiyo 85 peke yake hainitishi. Kinachonishtua ni hiyo alama ya kutoa kwenye -4: taya la chini limepita la juu.

Waliosema msubiri wamesema kweli. Taya la chini la mvulana huendelea kukua hadi miaka 18, pengine zaidi. Likikatwa leo litarefuka tena. Eksirei hurudiwa baada ya mwaka hivi, mchoro mpya ukalazwa juu ya wa zamani. Mistari ikilingana, amemaliza kukua.

Waya za sasa zingelaza meno ya chini ndani na kusukuma ya juu nje ili kuficha taya. Wakati wa upasuaji ukifika, kazi yote hiyo hubomolewa! Waya zake zitakuja miezi kadhaa kabla ya upasuaji, na kwa muda huo mdomo utaonekana umeharibika zaidi. Mwambieni mapema, asije akakata tamaa.

Wanaomtania, mwone mwalimu wa darasa wiki hii. Hilo halingoji miaka 18. Na ombeni nakala ya eksirei ya kwanza mkae nayo nyumbani. Mafaili hupotea, na bila hiyo ya zamani hakuna cha kulinganisha.