Kilo 96 kwenye mashua ya Lamu

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu hapa Nakuru, Novemba nashuka Lamu na bibi yangu wiki mbili hivi, tunataka tukute ile festivali ya utamaduni. Nimeona video za mashindano ya mashua, wanaume wamekaa kwa ubao nje kabisa ya chombo maji yanawarukia, na mimi nataka kupanda, sitaki kusimama ufuoni nikipiga picha. Sijawahi kushika tanga ila niko na kilo 96, nguvu ninayo, na naogelea vizuri kwa swimingi pul. Ni pesa ngapi na namlipa nani? Na bibi yangu anaweza kupanda?
– Mwalimu wa Bara, Nakuru

JIBU: Marahaba mwalimu. Tuanze na pesa tuimalize. Hakuna tiketi ya kuwa baharia kwenye mashindano ya Lamu. Mashua ile ina mwenyewe, na nyuma ya mwenyewe kuna mtaa mzima au kijiji kizima, Shela wana yao, Matondoni wana yao, wakishindwa watu wanachekwa barazani mpaka mwaka unaofuata, sasa nahodha gani atauza kiti? Ukikutana na kijana pale forodhani anakwambia ana nafasi ya kukuuzia, jua unanunua kiti kwenye boti ya injini ya kufuata mashindano kwa nyuma. Mimi nilishauziwa hiyo, nikapewa na soda.

Nafasi inapatikana kwa njia nyingine, nayo inataka siku. Usifike jana yake. Fika wiki nzima kabla, maji yakitoka nenda mashua zilikolala ubavu, utawakuta wanakwangua tumbo la chombo na kulipaka mafuta liteleze. Salimia, kunja suruali, omba kazi. Usitaje mashindano siku hiyo wala ya pili. Jioni wakitoka mazoezi watakuita wenyewe kwa sababu mazoezini mikono haitoshi kila siku, kuna wanaokuwa baharini wanavua. Hapo ndipo utakapopanda, na mwalimu nikwambie ukweli, ukipata mazoezi mawili matatu umeshapata utamu wote hata kama siku yenyewe wakakuacha nchi kavu.

Na wanaweza kukuacha, kwa hizo hizo kilo zako. Mashua ya mashindano farumi yake, yaani uzito wa kuituliza isipinduke, ni magunia ya mchanga na watu. Upepo ukiwa mkali chombo kinalalia demani, upande upepo unakokwenda, basi ubao unatolewa upande wa joshi, upepo unakotoka, watu wanakwenda kukaa juu yake nje kabisa mmoja baada ya mwingine, na hapo mtu wa kilo 96 ni dhahabu. Ila wewe unakuja Novemba. Novemba ni tangambili, upepo wa kusi umeondoka na wa kaskazi bado haujakaa sawa, kuna siku upepo unavuma vizuri na kuna siku tanga linaning'inia kama nguo kwenye kamba. Siku ya namna hiyo mchanga unamwagwa baharini gunia baada ya gunia chombo kiwe chepesi, na mchanga ukiisha watu wanaanza kukuangalia wewe. Kama likizo yako inasogezeka njoo Desemba mwishoni, kaskazi inakuwa imeshakolea na Shela huwa kuna mashindano ya Mwaka Mpya.

Kazi yenyewe haina maelezo marefu mpaka mnapogeuza. Kwenda kinyume na upepo lazima mbishe, yaani mwende mshazari, huku kisha huku, na kila mkigeuza foromali, ule mti unaobeba tanga, inapitishwa mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili, na wakati huo huo ubao unavutwa ndani na kutolewa ng'ambo, magunia yanahamishwa, watu wanaruka, kila mtu anapiga kelele. Wewe shika gunia lako moja na usishike kamba yoyote usiyoambiwa. Halafu kuna Kiamu, Kiswahili cha Lamu. Mara yangu ya kwanza nahodha alinipigia ukelele "Ndoo! Ndoo!" nami nikachupa kuchukua ndoo ya kutekea maji, kumbe alikuwa ananiita, ndoo kwao ni njoo. Chombo kizima kilicheka na tukapoteza mzunguko ule, nikaitwa Ndoo mpaka nimeondoka kisiwani.

Kuogelea kwa pul si kuogelea kwa mkondo wa kati ya Lamu na kisiwa cha Manda, maji yakiwa yanatoka yanakuchukua unajiona. Nenda na laifu jaketi yako, vaa, wakicheka waache wacheke. Miguu mitupu, na simu mwachie bibi.

Kuhusu bibi, kwenye mashua za mashindano mimi sijaona mwanamke hata mmoja, sikufichi wala sisifii. Mazoezini ni jambo la kuongea na nahodha, ila muongee na mapema na kwa adabu.

SWALI: Anko mambo. Nipo Dodoma, nakuja Dar likizo kwa dada yangu Msasani, pale Yacht Club naona matanga kila wikendi. Asiye mwanachama anaruhusiwa kushiriki resi?
– Binti wa Nchi Kavu

JIBU: Poa mama. Ile ni klabu ya wanachama, getini hupiti hivi hivi, unaingia kama mgeni wa mwanachama. Lakini klabu za namna hii, iwe hiyo au ile ya Mombasa pale Liwatoni, zina tatizo kinyume na Lamu: yoti mtu anayo, wa kumsaidia hana, marafiki wamelala. Muulize dada yako kama kuna jirani mwanachama, au piga simu ofisini useme wewe ni mgeni, huna ujuzi, na unatafuta mwenye chombo anayepungukiwa watu siku ya resi. Usidanganye kwamba unajua, dakika tano tu baharini wanakujua. Na kitu kimoja ambacho mashua haina: yoti ina bomba refu chini ya tanga, chombo kikigeuka linapita kwa kasi usawa wa kichwa. Ukisikia mtu amepiga kelele usiulize amesema nini, inama kwanza.