Gede waje, kwenye vigango waulize kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwenye kaunti zetu kuna makaburi gani ya kale, na je yafunguliwe kwa wageni ama yaachwe yalivyo. Mimi ni wa Kilifi na nasema yote mawili, manake huku kwetu kuna kumbukumbu za wafu za mawe na kuna za mbao ziitwazo vigango, na hizo mbili haziwezi kupewa jibu moja hata kidogo.

Nianze na za mawe coz ndizo zinazojulikana. Gede, yale magofu ya mji wa kale wa Waswahili, karibu kila mtoto aliyesoma shule za Pwani ashapelekwa na basi la shule, akalishwa biskuti, akakimbizana na kima, akarudi nyumbani bila kujua kwamba lile kaburi moja lililoandikwa tarehe ndilo jambo kubwa kuliko hata lile jumba la mfalme. Limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399. Sasa mtu atasema so what, tarehe tu. Lakini fikiria, mji mzima wenye misikiti na majumba na visima, halafu Wareno walikaa Malindi hapo karibu tangu kina Vasco da Gama walivyofika 1498 hadi walipohamishia makao Mombasa 1593 na hawakutuachia maelezo ya Gede, kwa hivyo mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba 1948 hakuwa na kitabu cha kumwambia mji ni wa lini, alikuwa na vigae na hilo kaburi. 2024 UNESCO wakaiweka Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia, na ni haki yake.

Ya mawe si Gede peke yake. Kuna ya minara, yaani makaburi yaliyosimamishiwa nguzo ndefu ya mawe, pale Malindi kando ya msikiti wa Juma, kuna Mambrui ambako mnara ulipambwa kwa bakuli za kutoka China, kuna Mnarani ukivuka kijito cha Kilifi, na ukirudi kusini karibu na Mtwapa kuna Jumba la Mtwana na msikiti wake wa baharini wenye kaburi lililochongwa aya ya kila nafsi itaonja mauti. Ukishuka Tanzania wayapata tena ya minara Kunduchi na Kaole, kwa hivyo si mambo ya kijiji kimoja. Na tusidanganyane, waliojengewa minara walikuwa na pesa. Bakuli la China halikupachikwa kwa kaburi la mchukuzi.

Malindi pia kuna kile kikanisa kidogo cha Wareno chenye makuti. Watu hupita hapo wakaendelea na safari, lakini mmishonari Francis Xavier alipopitia Malindi 1542 akielekea Goa, India, alizika hapo mtu aliyefia merikebuni, na kwenye barua yake akaandika kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na vile Wakristo wanavyozika wafu wao. Mimi hiyo naipenda sana. Watu wa dini mbili wanatazamana makaburini na hakuna aliyerusha jiwe.

Haya yote, wageni waje, tena waje wengi, walipe tiketi, na pesa ya tiketi ionekane kwenye choo na kibao cha maelezo cha Kiswahili, manake vibao vingi huandikwa utadhani Mgiriama na Mbajuni hawasomi.

Sasa ya mbao. Wasiojua, kigango ni nguzo ya mbao ngumu iliyochongwa, bapa, ina kichwa na kiwiliwili, imejaa pembetatu ndogo ndogo zilizopakwa rangi, vingine virefu kushinda mtu. Huchongewa mzee wa Kigiriama aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye uwezo na heshima zao, asiyekuwa Gohu huwekewa koma, kijiti kifupi kisicho na mapambo mengi. Na hakisimamishwi siku ya matanga. Yaweza kupita miaka mtu ashazikwa, halafu nyumbani kukaingia ugonjwa au mvua ikakataa au mzee mwenyewe akaja ndotoni, wakaenda kwa mganga wakaambiwa fulani anataka kigango chake. Kinasimamishwa pale kwa familia, si lazima juu ya kaburi, kinapewa pombe ya mnazi na damu ya kuku, na kuanzia hapo hakihamishwi. Familia ikihama, kigango kinabaki. Kikiliwa na mchwa, kiliwe, ndivyo kilivyokusudiwa.

Hapo ndipo balaa lilipoingilia. Kuanzia miaka ya 70 kukawa na soko Marekani, watu wanavitaka sebuleni kama sanaa, na mfanyabiashara akiona kigango kiko peke yake porini anasema hiki kimetupwa, hakina mwenyewe. Wezi nao hawakutoka mbali. Mara nyingi walikuwa vijana wa huko huko vijijini wasio na kazi, wanakiuza bei ya kutupa kwa wauza vinyago wa mjini, na kule ng'ambo kinauzwa maelfu ya dola. Tukilaumu wazungu peke yao hatujamaliza hesabu. Na sisi tulioenda kanisani na msikitini tukaambiwa hayo ni mambo ya shetani, tukaacha kuviangalia, tuna letu la kujibu pia.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha 1985, mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa na vigango vya nduguze wawili, haikupita muda vikaibwa. Miaka ikaenda, kimoja kikaja kuonekana kwenye jumba la makumbusho la jimbo la Illinois na kingine Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, na vilirudishwa kwa familia 2007 mzee mwenyewe ashafariki zamani. Makumbusho ya Denver, huko huko Marekani, nayo ilikubali 2014 kurudisha 30, vikafika Kenya 2019, hebu hesabu miaka hiyo. Vingi vya namna hiyo havirudi kwao kabisa kwa sababu aliyeviuza hakuandika vilitoka boma gani, kwa hivyo vinabaki stoo ya makumbusho, vimerudi nchini lakini nyumbani havijafika.

Lingine ambalo watu wa bara pengine hawalijui, kaburi Kilifi ni kesi ya shamba. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908 watu wengi wa ukanda huu waligeuzwa maskwota kwenye ardhi walikozaliwa, na akija mtu na karatasi yake kutoka Nairobi au Ulaya, kitu cha kwanza mzee anachomwonyesha ni kaburi la babake na la babu yake. Kwa hivyo ukiniambia makaburi yafunguliwe kwa wageni lazima niulize mgeni yupi, manake kuna wanaokuja na kamera na kuna wanaokuja na tingatinga.

Mfano mzuri naona ni kwa Mekatilili wa Menza, kule Bungale, Magarini. Huyu mama aliwaapisha Wagiriama 1913 wawapinge Waingereza, akakamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka akarudi, na Waingereza wakalipua Kaya Fungo 1914, kaya ndio msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Kaburini kwake watu huenda, lakini huenda na wazee, na wazee ndio wanaosema lini na vipi. Kaya nazo ni urithi wa dunia tangu 2008 na bado unavua viatu na kufuata anachokwambia mzee wa kaya.

Kuhusu picha, najua mtasema mbona ile picha ya 1985 ndiyo iliyosaidia kuvitambua vile vigango. Kweli kabisa, picha zipigwe. Zibaki na familia, nakala ziende makumbusho, lakini hii ya vijana kuposti na lokesheni imewekwa hapo hapo ni kumwelekeza mwizi mlango. Na kama kuna mwenye hoteli anayesoma hapa na ana kigango kilichochakaa kwenye lobi yake, vile vipya vya kuchongwa kwa biashara havina neno, lakini kama chako kina ufa wa jua na chini kimeoza palipokuwa udongoni, wazee wa Gohu bado wapo, akawaulize.