Kissell ya matunda makavu: tunajibu maswali yenu

Hii kissell ya Estonia ni kinywaji au chakula?
Huliwa kwa kijiko, ikiwa imepoa. Matunda makavu huchemshwa, kisha supu yake hutiwa wanga wa viazi mpaka iwe na uzito wa uji mwepesi. Msingi wake ni matofaa. Kule matunda huiva kwa muda mfupi, kwa hiyo matofaa hukatwa vipande na kukaushwa yawafikishe watu hadi majira ya baridi. Plamu kavu, aprikoti na zabibu huongezwa.

Naomba vipimo.
Matunda gramu 250, maji lita moja na nusu, kijiti cha mdalasini, sukari vijiko 4 vya chakula, wanga vijiko 4. Osha matunda, yaloweke usiku kucha, na uyapike kwa maji yale yale. Tafadhali usiyamwage, utamu wote umo humo. Zabibu zitie mwishoni zisipasuke.

Yangu ilishika madonge.
Wanga uliingia kwenye maji yanayotokota. Ukoroge kwanza kwa maji baridi, nusu kikombe, na uukoroge tena papo hapo kabla ya kumimina, maana hutuama chini upesi na kugandamana. Epua sufuria, subiri mchemko utulie, mimina kidogo kidogo huku mkono mwingine ukikoroga. Rudisha jikoni. Povu la kwanza likipanda pembeni na supu ikiacha weupe na kung'aa, zima moto.

Jioni ilikuwa nzito, asubuhi nimekuta maji. Kwa nini?
Ama uliichemsha mno baada ya kutia wanga, ama uliionja na kurudisha kijiko kile kile sufuriani. Mate huvunja wanga. Onja kwa kijiko kingine kila mara.

Konafulawa inafaa?
Inafaa, lakini kissell itakuwa na weupe, haitang'aa. Wanga wa muhogo ni bora zaidi, kwani unang'aa, ingawa huvutika kidogo.

Nazuiaje utando juu?
Nyunyiza sukari kidogo ikiwa bado moto.

Waestonia huila na nini?
Maziwa baridi, krimu iliyopigwa, au suji iliyopikwa kwa maziwa ikaachwa igande. Mimi nakusihi uanze na suji: weka kipande katikati ya bakuli, umwagie kissell pembeni, na uhakikishe kila bakuli limepata plamu.