Mafuta ya breki yasimwagike: maswali ya mafundi wa ndege ndogo

Maswali haya yanahusu breki za Cleveland kwenye Cessna 172 na 206. Kitabu cha matengenezo cha ndege yako ndicho chenye kauli ya mwisho, na kazi itiwe saini na mhandisi mwenye leseni.

Shikamooni. Niko mafunzoni Arusha. Nikibadilisha pedi, lazima nifungue paipu ya mafuta?

Marahaba. Hapana, na usiiguse. Mafuta mengi hupotea kwa sababu mtu kalegeza nati isiyohusika. Fungua bolti za bamba la nyuma tu. Bamba likishatoka, kalipa (kifaa chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski) inachomoka kwenye pini zake huku paipu ikiwa imeungwa vilevile. Ifunge kwa waya isining'inie na kuikunja paipu. Pedi hubadilishwa unene wake ukifika inchi 0.100, yaani milimita 2.54.

Kabla ya kurudisha pistoni ndani, angalia kiasi cha mafuta kwenye masta, yaani silinda ya pedali inayosukuma mafuta kwenda kwenye breki. Kadiri pedi zinavyolika, pistoni husogea nje na mafuta hushuka. Kama kuna mtu aliongeza hadi juu pedi zikiwa zimelika, ukisukuma pistoni yale ya ziada yatafurika kwenye zulia, miguuni pa rubani. Yanyonye kidogo kwa bomba safi la sindano, kisha sukuma pistoni polepole bila kuilaza upande.

Mwenzangu alikanyaga pedali kalipa ikiwa nje. Pistoni imetoka, mafuta yote chini. Tufanyeje?

Bila diski hakuna kinachoizuia pistoni. Msiirudishe hivyo hivyo. Isafisheni, mkague tundu lake kwa tochi mkitafuta mikwaruzo na vishimo vya kutu, mweke oringi mpya (pete ya mpira inayozuia mafuta kuvuja) iliyopakwa mafuta yale yale ya mfumo, halafu mtoe hewa. Pedi zilizolowa mafuta zitupwe, maana hazisafishiki zikaaminika tena.

Siku nyingine, kabla ya kuchomoa kalipa, legezeni breki ya kuegeshea na mning'inize kibao cha USIKANYAGE pande zote mbili za chumba cha rubani. Pedali za kulia zimeunganishwa na za kushoto, kwa hiyo kibao cha upande mmoja hakitoshi. Pistoni nayo ishikwe kwa kipande cha mbao na klempu.

Oringi ya kalipa inavuja, paipu haina budi kufunguliwa. Nawezaje kupoteza mafuta kidogo?

Andaa kila kitu kwanza: chombo cha kukingia, vitambaa, oringi mpya, kofia ya AN929 (namba za AN ni za vipuri sanifu vya ndege) ya ukubwa wa paipu yako na kizibo cha AN806 kwa paipu inayoishia na nati. Shika kiungo kwa spana ya pili kisijizungushe, fungua nati, ziba papo hapo. Kwenye ndege hizi kila gurudumu la nyuma lina masta yake, kwa hiyo upande wa pili hautapungua.

Kuna wanaobana mpira wa breki kwa koleo ili mafuta yasimwagike. Tafadhali acheni. Utando wa ndani hupasuka bila kuonekana kwa nje, na mpira huo utakuja kuvuja ndege ikiwa kwenye kiwanja cha changarawe, mbali na karakana. Wakati wa kurudishia, usizungushe tepu ya tefloni kwenye kiungo chenye mdomo uliotanuliwa: kinachoziba pale ni chuma kwa chuma.

Nimekosa mafuta mekundu. Naweza kutumia DOT 4, mafuta ya breki ya magari?

Hapana kabisa. Mfumo huu unatumia mafuta ya madini ya MIL-PRF-5606, na mipira yake ya kuzibia ni ya nitrili, aina ya raba. DOT 4 huivimbisha na kuilainisha, pistoni ikakwama au ikavuja. Kama umeshaitia, usirushe ndege: mfumo umwagwe, usafishwe, mipira yote ibadilishwe.

Nikitoa hewa, mafuta yanafurika kwenye masta. Kosa ni nini?

Huna njia ya kuyapokea juu. Mafuta husukumwa kutoka chini, kwenye kalipa, kwa sababu hewa yenyewe hupanda. Funga kiungo chenye mpira mwangavu kwenye tundu la kujazia la masta, na ncha yake izame kwenye chupa yenye mafuta safi. Jaza mpira wa pampu ya kusukumia mafuta hadi usiwe na hewa, uunge kwenye valvu ya kalipa, fungua valvu, pampu taratibu mpaka mapovu yaishe chupani. Funga valvu kwanza ndipo uchomoe mpira. Hapo ndipo wengi humwaga. Punguza mafuta hadi kiwango cha kitabu. Yaliyotoka usiyarudishe.

Kisha mmoja akanyage pedali kwa nguvu na kuishikilia, mwingine apapase kila kiungo kwa karatasi nyeupe. Mafuta haya ni mekundu, hata tone dogo litaonekana.