Jibu: Disney World, Julai au Septemba?
Ndugu, umeuliza kati ya Julai na Septemba upi ni mwezi nafuu kwenda Disney World, zile bustani za burudani kule Florida, Marekani. Septemba, bila kusita. Tangu Oktoba 2018 bei ya tiketi pale hufuata tarehe unayoingia, na shule za Marekani zikishafunguliwa, tiketi na vyumba vya hoteli hushuka bei. Foleni nazo hupungua, na kwangu hilo lina uzito kuliko hata pesa, maana mtoto aliyesimama juani saa nzima hafurahii tena chochote. Ruka tu wikendi ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, ile ya Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Ni msimu wa vimbunga pia, kwa hiyo chukua hoteli inayorudisha pesa ukiahirisha, na makoti ya mvua yanunue kabla hamjaondoka.