Kabla Hujainunua Land Rover 109, Piga Nyundo Chasisi

Kijana mmoja wa Babati kaniandikia wiki hii: "Kaka, shikamoo. Nimepata Land Rover 109 Series III kule Mirerani. Injini inaunguruma safi, bodi halina hata doa la kutu. Niichukue?" Kanitumia picha za bodi kila upande na video ya injini. Chini ya gari hakupiga hata moja.

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu hauko peke yako. Tangu Arusha ifanye lile tamasha la Land Rover Oktoba 2024, simu yangu haitulii, kila mtu anataka ya kwake. Nawaelewa. Nilikuwemo kwenye ule msafara, na nasema bila aibu kwamba machozi yalinilengalenga. Gari langu lilifika likiwa na injini yake ya kuzaliwa, dizeli ya lita 2.25, huku nyingi zilizonizunguka zikiwa Land Rover kwa sura na Isuzu kwa moyo. Wazee walikuwa wanakuja, wanafungua boneti wenyewe bila kuomba, wanacheka. Mmoja aliyewahi kuendesha za serikali alishika kile kitufe cha njano cha kuingizia gia ya magurudumu manne, akaanza kunihadithia makorongo yote ya Simanjiro aliyowahi kukwama. Hakunyamaza mpaka msafara ulipoanza kusogea.

Shemeji yangu, ambaye kwenye kipaimara cha mwanangu alisema mbele ya wakwe kwamba naendesha "gari la makumbusho", siku hiyo aliomba kupiga nalo picha. Nilimruhusu. Ila sijasahau.

Sasa turudi kwenye bodi lako lisilo na kutu. Bodi la Land Rover haliwezi kuwa na kutu kwa sababu ni aluminiamu. Gari hili lilipooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilitolewa kwa mgawo, hivyo akina Wilks wa kampuni ya Rover wakatumia aluminiamu. Chini ya hiyo aluminiamu, chasisi, yaani fremu inayobeba gari zima, ni chuma, tena chuma chenye uwazi ndani. Matope na maji vinaingia humo, vinakaa, na kutu linaanza kula kutoka ndani kuja nje. Unaweza kuona gari linang'aa kama sahani ya harusi, ukilitia jeki nyuma, jeki inazama ndani ya chasisi.

Kwa hiyo nenda na nyundo ndogo. Lala chini, chafuka. Gonga mhimili wa nyuma kabisa wa chasisi, gonga pale springi za majani zinaposhikia, gonga ile mikono inayobeba bodi pembeni. Chuma kizima kinalia kwa ukali, kilichooza kinajibu kwa sauti ya boksi la karatasi. Kisha nyanyua zulia miguuni kwa dereva uangalie ukuta wa chuma unaotenganisha injini na watu. Hapo napo panaoza, na wauzaji wanapenda kupafunika kwa raba mpya. Injini isikubabaishe. Injini inafanyiwa ovahoo na fundi yeyote mwenye akili timamu, lakini chasisi iliyooza itakufilisi.

Halafu kuna umeme. Vifaa vingi vya umeme vya magari ya Kiingereza ya enzi hizo vilitengenezwa na kampuni ya Lucas, na wenye magari hayo walimpachika Lucas jina la utani la Mwanamfalme wa Giza. Mimi nimekutana naye barabara ya Mto wa Mbu kwenda Makuyuni, saa mbili usiku, mke wangu pembeni na mtoto amelala nyuma. Taa zote mbili zikazima kwa pamoja. Injini haikujali, kwa sababu dizeli ya zamani ikishawaka haihitaji umeme, inaendelea kunguruma tu gizani. Tulipaki pembeni. Mke wangu hakusema neno, na mwenye ndoa anajua ukimya ule una uzito gani. Likapita lori la mzigo, nikalifuata nyuma nyuma kwa mwanga wake mpaka Makuyuni.

Asubuhi fundi wa pale akataka kubadilisha waya zote. Nikamkatalia. Nikafungua boliti moja inayoshika waya wa ethi kwenye bodi, nikakuta unga mweupe. Chuma na aluminiamu vikikaa pamoja na unyevu, vinakulana, na umeme unakosa njia ya kurudi kwenye betri. Nikasugua kwa msasa, nikapaka grisi, taa zikawaka kuliko siku niliyolinunua. Wengi wanaomtukana Lucas hawajawahi kusugua ethi hata siku moja.

Oili itavuja. Weka karai chini, zoea, angalia kipimo kila asubuhi. Kwenye ile mipira ya chuma ya magurudumu ya mbele huwa inavuja hata ukiweka sili mpya, hasa kama sili yenyewe ni ile niliyouziwa mimi na duka moja la mjini kwa bei ya "orijino kutoka Uingereza". Haikudumu hata mwezi. Mwenye duka mpaka leo akiniona anavuka barabara.

Jambo jingine, nunua spana zako mwenyewe, za inchi. Nati nyingi za Series III ni za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, fundi wa gari za Kijapani anaiwekea spana 13, inaingia vizuri, inapwaya kidogo, kisha inakula kona. Nati ikishakuwa ya mviringo mnaanza kuitana majina na patasi mkononi. Fundi akija kwako na spana 13 tu, mpe chai, mrudishe nyumbani.

Na tafadhali usiing'oe injini ya kuzaliwa ukaweka ya Kijapani. Najua watakwambia. Gari linapanda mlima taratibu, kwenye lami likifika themanini linapiga kelele, Noah zitakupita na abiria watakuchungulia dirishani. Vijana wa siku hizi mnataka sura ya mzee na mbio za kijana, mnataka picha ya mtandaoni, subira hamna! Ukitaka mbio, nunua gari la mbio. Hili utalielewa lote kwa mikono yako: hakuna kompyuta, hakuna taa ya "check engine" ya kukutisha kwenye dashibodi, joto likizidi unafungua vile vifuniko viwili chini ya kioo cha mbele na upepo wa Monduli unakupiga usoni. Lijue gari lako. Lala chini yake kabla ya kumwita fundi.

Mwisho, kadi ya gari. Land Rover nyingi za zamani zilikuwa za serikali, za misheni au za mashirika, zikauzwa, kisha zikapita mikono kwa mikono bila jina kubadilishwa. Namba ya chasisi kwenye Series III imegongwa mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikia. Kwangua matope, isome, ilinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Kama imesagwa, au muuzaji akaanza habari za marehemu baba mkubwa aliyepoteza kadi, panda basi urudi Babati.